Fukusi wa mchele na fukusi wa mahindi: jinsi spishi ya fukusi inavyoelezwa, inavyopewa jina na kupangwa

Mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji, nimeufungua uzi huu kwa sababu ya kosa ambalo nimeliona mara nyingi mno na sasa siwezi kulipita kimya. Mtu hupata mdudu mdogo wa kahawia mwenye pua ndefu ndani ya mahindi, humpiga picha, na chini ya picha huandika Sitophilus zeamais. Mwingine humkuta mdudu anayefanana naye kabisa ndani ya mchele, naye huandika Sitophilus oryzae. Wote wawili huenda wamepatia na wote wawili huenda wamekosea, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyemchunguza mdudu mwenyewe. Wamechunguza chakula alichokutwa nacho. Fukusi wa mchele hula mahindi, na fukusi wa mahindi hula mchele, ngano na mtama, wala hajui jina alilopewa na wanadamu. Napenda kueleza kwa kirefu jinsi spishi hizi mbili zilivyotenganishwa, kwa sababu naamini hakuna mfano bora kuliko huu wa kumfundisha mtu maana ya kuieleza spishi.

Kwanza tukubaliane fukusi ni nani. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hubebeshwa karibu kila mdudu anayetoboa nafaka au kunde, lakini katika taksonomia, yaani elimu ya kuvitaja na kuvipanga viumbe, linawahusu mbawakawa wa familia ya juu Curculionoidea, kundi ambalo katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2007 lilikuwa na spishi zipatazo 62,000 zilizokwisha kuelezwa. Yule anayeitwa fukusi wa maharagwe, Acanthoscelides obtectus, si fukusi kwa maana hiyo. Yumo katika familia Chrysomelidae, pamoja na mbawakawa wanaokula majani. Dumuzi, Prostephanus truncatus, naye yumo katika Bostrichidae, na kichwa chake kimefichwa chini ya pronoto, ile ngao ya juu ya kidari, hata ukimtazama kwa juu hukioni. Fukusi wa nafaka anajulikana kwa kichwa kilichorefuka mbele kikawa pua, kwa mandibuli, yaani taya za kutafunia, zilizo kwenye ncha ya pua hiyo, na kwa vipapasio vilivyopinda kama kiwiko na kuishia kwa kirungu. Watu wengi hudhani pua ile ni mrija wa kunyonyea. Sivyo, fukusi hutafuna. Jike huitumia kuchimba kitundu katika punje, kisha hugeuka, hutaga yai moja ndani yake na kukiziba kwa ute unaoganda. Lava, asiye na miguu, hukua ndani ya punje hiyo hiyo, hupita hatua nne, huwa bundo, hatua ya kati ya lava na mdudu mpevu, humo humo, na mdudu mpevu hutoka kwa kutoboa tundu. Katika joto la nyuzi 27 hivi na unyevu wa kutosha, safari hiyo yote huchukua takriban siku 35. Nawaomba mkumbuke kwamba lava hana chumba kingine isipokuwa punje aliyozaliwa ndani yake, maana jambo hilo litarudi mbele.

Jenasi Sitophilus ilianzishwa na Schoenherr wa Uswidi mwaka 1838, na jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nafaka na mpenzi. Anayesoma maandishi ya zamani atakutana pia na jina Calandra, ambalo lilitumiwa kwa wadudu hao hao kwa muda mrefu. Spishi tatu za jenasi hii ndizo zinazojulikana zaidi katika nafaka iliyohifadhiwa. Wa kwanza, Sitophilus granarius, hasumbui kumtambua: hana mabawa ya nyuma na kwa hiyo haruki kabisa, vishimo vilivyo juu ya pronoto yake vimerefuka, na mgongo wake una rangi moja. Wawili waliobaki wana mabawa ya nyuma yanayofanya kazi, vishimo vyao ni vya mviringo, na kwa kawaida kila mmoja ana madoa manne mekundu-mekundu juu ya mabawa yake magumu ya mbele. Hao wawili ndio walioleta taabu.

Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimtaja granarius katika toleo la kumi la orodha yake ya viumbe, mwaka 1758, ambalo ndilo mwanzo wa majina yote halali ya wanyama. Fukusi wa mchele alimtaja mwaka 1763 kwa maelezo mafupi ya Kilatini. Kwa wakati wake maelezo hayo yalitosha, kwa sababu yalimtenga mdudu huyo na wengine wote ambao Linnaeus alikuwa akiwajua. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika: maelezo ya spishi hayakamiliki kwa kumsifu mdudu kuwa ni wa kahawia na ana pua, bali kwa kusema anaachana wapi na yule aliye jirani yake. Jirani asipojulikana, maelezo yanaweza kuwa ya kweli kila neno na bado yakawafaa wadudu wawili.

Mwaka 1855 Motschulsky, mtaalamu wa Urusi, alimpa jina Sitophilus zeamais fukusi aliyeona kuwa ni tofauti. Wengi hawakumfuata, jina lake likawekwa kando na kuhesabiwa kuwa ni jina jingine tu la oryzae. Lakini wadudu hawakuacha kutofautiana. Waliowafuga maabara waliona kwamba wapo wakubwa na wapo wadogo, na kwamba tofauti hizo zinarithiwa. Nchini Japani, Takahashi, katika maandishi yake ya 1928 hadi 1931, alidhani kwamba oryzae wa Linnaeus ni yule mkubwa, basi yule mdogo akampa jina jipya, sasakii. Mwaka 1944 Birch nchini Australia na Richards nchini Uingereza waliandika, kila mmoja kwa upande wake, juu ya aina mbili za Calandra oryzae, bila kuzifanya kuwa spishi mbili. Mwaka 1959 Floyd na Newsom nchini Marekani walionyesha kwamba hizi ni spishi mbili kweli, zisizochanganya kizazi, lakini nao walimwita mkubwa oryzae na mdogo sasakii.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, Guillermo Kuschel, mtaalamu wa fukusi aliyezaliwa Chile, alifanya jambo ambalo kwa mtazamo wangu lilipaswa kufanywa kwanza: aliliuliza swali la jina peke yake. Hakuuliza tena kama spishi ni moja au ni mbili, kwa kuwa hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa, bali aliuliza ni mdudu yupi hasa ambaye Linnaeus alikuwa naye mkononi alipoandika oryzae. Jibu lilikuwa ni yule mdogo. Kwa hiyo mdogo akabaki na jina Sitophilus oryzae, sasakii likawa jina la ziada lisilohitajika, na mkubwa akarudishiwa jina la Motschulsky lililokuwa limelala kwa zaidi ya miaka 100. Hivyo ndivyo tunavyoandika hadi leo.

Tazameni sasa hasara iliyobaki. Katika maandishi ya kabla ya 1961, jina oryzae linaweza kumaanisha mdogo, linaweza kumaanisha mkubwa, na linaweza kumaanisha wote wawili wakiwa wamechanganywa. Jedwali la joto, la idadi ya mayai au la umri wa kuishi lililoandikwa mwaka 1935 haliwezi kutumiwa kwa uhakika mpaka ijulikane lilimpima nani, na njia pekee ya kulijua hilo ni kuwepo kwa vielelezo vilivyohifadhiwa kutoka katika jaribio lenyewe. Mahali vilipohifadhiwa, kazi ile inaokoleka. Mahali vilipotupwa, jasho la mtafiti mwaminifu limepotea bila yeye kuwa na hatia yoyote, na kila nikisoma maandishi ya namna hiyo huona uchungu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo haya, ila nina pingamizi moja. Nimezitenganisha spishi hizi kwa ukubwa kwa miaka mingi: aliye chini ya milimita 3 huwa namwandika oryzae, na aliyezidi hapo namwandika zeamais. Umeeleza mwenyewe kwamba walioanza kuziona aina mbili waliziona kwa ukubwa. Kwa nini basi kipimo hicho kisitoshe?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na ndilo lililonifanya niwaombe mkumbuke habari ya punje. Ni kweli kwamba kwa wastani zeamais ni mkubwa kuliko oryzae, na kwamba ukifuga makundi mawili katika nafaka ya namna moja utaona tofauti. Lakini ukubwa wa fukusi mmoja mmoja hutegemea sana nafasi na chakula alichopata akiwa lava. Zeamais aliyekulia ndani ya punje ndogo hutoka mdogo, na oryzae aliyekulia ndani ya punje kubwa ya mahindi hutoka amenenepa. Vipimo vya spishi hizi mbili huingiliana: oryzae huwa na milimita 2 hadi 3 hivi, na zeamais huwa na milimita 2.5 hadi 4 hivi. Yule mwenye milimita 2.8 utamweka wapi? Wastani ni sifa ya kundi. Kipimo chako kinadai kumtambua mmoja.

Niongeze kwamba hata urefu wenyewe hupimwa kwa namna tofauti. Wanaoshughulika na fukusi kwa kawaida hawaihesabu pua, kwa kuwa pua hutofautiana kati ya dume na jike na huinama kwa pembe tofauti katika kila kielelezo. Katika Sitophilus, pua ya dume ni fupi zaidi, nene na yenye vishimo vya wazi, ilhali pua ya jike ni ndefu zaidi, nyembamba na laini. Mtu aliyepima pamoja na pua na mwingine aliyepima bila pua watatofautiana hata wakiwa wamempima mdudu yule yule, kwa hiyo kila maelezo mazuri husema wazi kipimo kilianzia wapi na kikaishia wapi.

Tena kuna sifa za nje zinazosaidia zaidi ya ukubwa, na mwaka 1969 Boudreaux alizipanga vizuri. Ukitazama pronoto kwa hadubini, vishimo vya zeamais vimejaa na kutapakaa karibu kwa usawa hata katikati, ilhali katika oryzae mara nyingi pana mstari mwembamba wa katikati usio na vishimo, unaotoka mbele kwenda nyuma. Mwenye jicho lililozoea anaweza kufika mbali kwa sifa hiyo. Hata hivyo mimi sikubali kuandika jina katika kumbukumbu ya kudumu kwa sifa hiyo peke yake, kwa sababu wapo vielelezo vya katikati. Rangi na madoa ndiyo kabisa nisingeyategemea. Fukusi aliyetoka kwenye punje karibuni bado ni mwekundu hafifu na madoa yake hayajaonekana vizuri, na aliyezeeka huwa mweusi kiasi kwamba madoa yamefifia.

Kinachokata shauri ni viungo vya uzazi. Uume wa mdudu dume ni kipande kigumu cha kaitini ambacho hubakia na umbo lake hata baada ya kifo. Katika oryzae, uso wa juu wa kiungo hicho umebinuka kwa ulaini, hauna mfereji. Katika zeamais, uso huo una mifereji miwili inayokwenda sambamba kwa urefu. Tofauti hii haihitaji takwimu. Ukiiona mara moja hutaisahau. Jike naye, ndani ya fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, ana kipande kigumu chenye umbo la herufi Y: matawi yake katika oryzae ni mapana na ncha zake ni za mviringo, na katika zeamais matawi ni membamba, yamechongoka, na nafasi kati yake ni kubwa zaidi.

Kazi yenyewe haina siri. Mdudu mkavu hulainishwa kwa maji ya moto, fumbatio hutolewa kwa ncha ya sindano, hulowekwa katika mmumunyo wa asilimia 10 wa potasiamu haidroksaidi hadi nyama iyeyuke na sehemu ngumu zibaki, kisha husafishwa kwa maji na kutazamwa ndani ya tone la gliserini. Baada ya hapo kiungo huhifadhiwa pamoja na mwili uliotoka, kwa pini ile ile, na si katika chupa ya kando inayoweza kupotezana na mwenyewe. Niliwahi kufungua kisanduku kimoja cha zamani ambacho vielelezo vyote vilikuwa na lebo ya oryzae. Nilipovipasua nilikuta spishi zote mbili, zimepangwa mstari mmoja kama ndugu wa tumbo moja, na aliyeziandika alikuwa mtu makini ambaye mwandiko wake tu unakufanya umwamini.

Mchangiaji wa pili

Nimefuatilia kwa makini. Lakini je, siku hizi haiwezekani kuacha kupasua na kutumia DNA moja kwa moja? Tena nilisoma kwamba spishi nyingi mpya za fukusi zimeelezwa kwa njia hiyo.

Mwanzisha uzi

Inawezekana, na mimi si mpinzani wa DNA. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658, ambacho hutumiwa kwa wanyama wengi, hutenganisha fukusi vizuri na humsaidia hata mwenye lava, ambaye kwa umbo la nje karibu haiwezekani kumtambua. Mfano unaoukumbuka pengine ni wa Trigonopterus. Mwaka 2013 Riedel na wenzake walieleza spishi mpya 101 za jenasi hiyo kutoka Guinea Mpya kwa pamoja, na jamaa hao ni fukusi wasioruka, wengi wao wakiishi msituni na kufanana sana. Kila spishi ilipewa maelezo mafupi, picha, na mfuatano wake wa DNA. Waandishi walihitaji majina mengi kiasi kwamba baadhi yake waliyachukua kutoka katika kitabu cha simu cha Papua Guinea Mpya. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu kazi ile ilithibitisha kwamba mlima wa spishi zisizo na majina unaweza kupandwa.

Lakini tuangalie DNA ilifanya nini na haikufanya nini. Iliwagawa wadudu katika makundi. Haikuyapa makundi hayo majina, wala haingeweza. Jina hubebwa na kielelezo kimoja kilichoteuliwa, holotaipu, na kila spishi kati ya zile 101 ina holotaipu yake iliyowekwa katika makumbusho. Hali ya oryzae ingekuwa hivyo hivyo: ungepata makundi mawili safi ya DNA, na bado swali la Kuschel lingekusubiri, yaani kundi lipi ni la Linnaeus. Waliofuata Takahashi walikuwa na makundi sahihi kabisa. Walichokosa ni mdudu wa 1763.

Kuna tahadhari moja zaidi kwa fukusi hawa hasa. COI ni jeni ya mitokondria, vile viungo vya seli vinavyozalisha nishati, na mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, sawa na bakteria wanaoishi ndani ya seli. Wolbachia, bakteria anayejulikana kwa kuvuruga uzazi wa wadudu, amepatikana ndani ya Sitophilus, na anapoenea katika kundi anaweza kuvuta mitokondria za aina moja ziende naye. Kwa hiyo jeni moja ya mitokondria isiachwe ithibitishe mpaka wa spishi peke yake. Jeni za kiini cha seli na umbo la mwili vishuhudie pia. Bakteria wa pili, Sodalis pierantonius, aliyepewa jina kwa heshima ya Pierantoni wa Italia, ni rafiki wa kweli: humpa fukusi viini-lishe vinavyopungua katika nafaka, ikiwa ni pamoja na tairosini, asidi ya amino inayotumika kujenga gamba gumu la mwili. Nimegusia habari hiyo kwa kupita tu, kwa sababu inanifurahisha kwamba hata ugumu wa lile gamba tunalolipima chini ya hadubini una mkono wa kiumbe mwingine.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, naona katika maandishi Sitophilus oryzae (Linnaeus, 1763) kwa mabano na Sitophilus zeamais Motschulsky, 1855 bila mabano. Je, ni uzembe wa wachapaji? La pili, baadhi wanaiweka jenasi hii katika familia Dryophthoridae na wengine katika Curculionidae. Yupi amfuate mwanafunzi?

Mwanzisha uzi

Mabano yana maana. Linnaeus alimweka fukusi wake katika jenasi Curculio, ambayo siku zile ilibeba karibu fukusi wote. Baadaye akahamishiwa Sitophilus, na mabano yanasema kwamba mwandishi wa jina la spishi hakuiweka katika jenasi hii. Motschulsky alimweka wake katika Sitophilus tangu mwanzo, na hapo ndipo alipobaki. Katika alama mbili ndogo msomaji anapewa historia nzima ya uhamisho.

Swali la familia ni gumu zaidi na nitalijibu kwa kadiri ninavyoona mimi. Sitophilus ana ndugu wa karibu ambao hakuna anayewabishia: fukusi mwekundu wa minazi na mitende, Rhynchophorus ferrugineus, na fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus. Wote wana kirungu cha kipapasio ambacho sehemu yake ya chini inang'aa na haina vinyweleo, na ncha yake tu ndiyo yenye manyoya mafupi kama sifongo. Kwamba hawa ni kundi moja la kweli, wenye umbo na wenye DNA wanakubaliana. Ubishi ni juu ya ngazi. Alonso-Zarazaga na Lyal, katika orodha yao ya dunia ya 1999, walilifanya kundi hili kuwa familia kamili, Dryophthoridae. Wengine, wakiwemo walioandika ile hesabu ya 2007, wanaliita Dryophthorinae, nusufamilia ndani ya Curculionidae. Uchunguzi wa DNA umekuwa ukiliweka ndani ya tawi kubwa la Curculionidae, na kama ni hivyo, kulitoa nje na kuliita familia hutuachia Curculionidae iliyokatwa kipande katikati ya ukoo wake. Kwa sababu hiyo mimi huandika Dryophthorinae. Mwanafunzi anaweza kuandika vyovyote kati ya hivyo viwili mradi aseme amemfuata nani, kwa sababu ngazi ya kundi ni uamuzi wa watu, na jambo lisilo uamuzi wa watu ni nani aliyezaliwa karibu na nani.

Kuschel, yule yule wa 1961, alirudi katika uwanja huo mwaka 1995 na kupendekeza mpangilio wa fukusi wote duniani katika familia sita. Yeye aliyemchunguza mdudu mmoja wa milimita 3 aliweza kuupanga ukoo mzima, na sidhani hayo mawili yalikuwa kazi mbili tofauti.

Mchangiaji wa nne

Je, jina zeamais si kosa lenyewe? Ikiwa mdudu hula nafaka nyingi, na mahindi yametoka Amerika, ingefaa libadilishwe.

Mwanzisha uzi

Umegusa jambo zuri kuliko ulivyodhani. Nchini Japani, katika vyungu vya kale vya enzi ya Jomon kwenye kisiwa cha Tanegashima, watafiti walikuta alama za miili ya fukusi walionaswa ndani ya udongo kabla haujachomwa, wakawatambua kuwa ni Sitophilus zeamais. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na alama za zamani zaidi zilikadiriwa kuwa na miaka ipatayo 10,500. Wakati huo hakukuwa na mahindi katika Asia wala mchele uliolimwa Japani. Waliotengeneza vyungu wale walihifadhi mbegu za mwituni kama njugu za miti. Fukusi wa mahindi, kwa hiyo, alikuwa akiishi na wanadamu kwa maelfu ya miaka kabla hajaonja hindi hata moja.

Hata hivyo jina halibadilishwi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinasema kwamba jina halikataliwi kwa sababu tu halifai au limekosea maana. Nakubaliana na kanuni hiyo kwa moyo wote. Jina la spishi halikusudiwi kumweleza mdudu. Kazi hiyo ni ya maelezo. Jina ni kamba iliyofungwa kwenye kielelezo, na kama tungeifungua kila tunapojifunza jambo jipya, tungerudi kule kwa oryzae wa 1935.

Kwa ajili hiyo hiyo, yeyote kati yenu atakayepata fukusi asiyelingana na spishi yoyote inayojulikana asikimbilie jina. Jambo la kwanza ni kutilia shaka kwamba ni mpya, kwa kuwa jina huenda liko tayari na limelala kama lilivyolala la Motschulsky. Atafute vielelezo-aina, yaani vile vilivyobeba majina, vya majirani wote wa spishi hiyo na avitazame, si maelezo yake tu. Apate madume na majike, na wengi kadiri iwezekanavyo, ili ajue tofauti ipi ni ya mtu mmoja mmoja na ipi ni ya kundi. Kisha aandike kwanza utambulisho mfupi unaosema mdudu huyu anaachana na jirani yake kwa sifa gani, na baada yake maelezo kamili ya mwili kutoka kichwani hadi ncha ya fumbatio, pamoja na michoro ya viungo vya uzazi. Tangu mwaka 2000 jina jipya la spishi halikubaliki bila kuteua kielelezo-aina waziwazi na, ikiwa ni holotaipu, kutaja mkusanyiko kitakamohifadhiwa. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa ni urasimu. Mimi naona ni deni tunalomlipa yule atakayekuja miaka 200 baada yetu na kuuliza tulikuwa tumeshika mdudu gani.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekubali, na nitarudi kwenye masanduku yangu. Tatizo langu ni kwamba katika vielelezo vingi nina majike peke yao, na vingine ni picha tu zisizo na mdudu. Niviandikeje?

Mwanzisha uzi

Majike yapasue vile vile, utafute ile Y. Ni ndogo na inahitaji uvumilivu zaidi kuliko uume, lakini ukishaona chache utazitambua. Kwenye lebo ya utambuzi andika jina la spishi, jina lako, mwaka ulioutambua, na neno moja la kuonyesha kwamba viungo vya uzazi vilitazamwa, na lebo ya zamani usiitoe. Acha zote mbili kwenye pini, mpya chini ya ile ya kwanza, ili msomaji aone kwamba jina lilibadilika na nani aliyelibadilisha. Lebo ya mahali na tarehe usiiguse kabisa. Kuhusu nafaka, andika mdudu alikutwa ndani ya nini, kwenye mstari wake wenyewe, mbali na jina.

Picha zisizo na mdudu ziandikwe Sitophilus oryzae au zeamais, kwa majina yote mawili, na kama pronoto haionekani vizuri kiasi cha kumtoa hata granarius, basi ziandikwe Sitophilus sp., yaani spishi ya Sitophilus isiyotambuliwa, na kuachwa hivyo.